Hamu ya Kula

Pasiansi, kwenye mtaa unaoteremka kuelekea ziwani, kila mtu alimjua Mwaija kuwa ni mwanamke wa kufunga. Jumatatu amefunga, Alhamisi amefunga. Mwezi ukijaa, zile siku nyeupe tatu, amefunga. Ukimkuta Jumanne naye midomo imemkauka, ukamuuliza, atakwambia analipa siku zake za Ramadhani. Siku gani hizo zisizokwisha kulipwa? Mwanamke ana siku sita, saba za kulipa kwa mwaka. Mwaija alikuwa keshalipa hadi za bibi yake mzaa mama. Lakini watu wakimwona mwenzao anafanya jema hawamchimbi. Bi Malimi, Msukuma aliyesilimu zamani alipoolewa, ndiye aliyesimamia darsa la wanawake pale msikitini, na kila darsa likiisha alimtoa mfano. "Mtazameni mwenzenu Mwaija," anasema. "Hana kitu, lakini saumu haimpiti."

Hana kitu! Neno limeshatoka mdomoni, wanawake ishirini wamelisikia kwa masikio yao, wakaitikia "Mashaallah", wakajitanda ushungi, wakaenda makwao kupika.

Basi mimi nitasema walichokataa kukiona. Chakula cha nyumba ile kilitosha watu watatu, na nyumba ilikuwa na watu wanne. Mumewe, Lukman, alifanya kazi miaka sita kwenye kiwanda cha minofu, akichuna ngozi za sangara. Sangara walipoadimika ziwani kiwanda kikapunguza watu, na wa kwanza kupunguzwa ni wale wasiokuwa na mkataba, yaani Lukman na wenzake. Sasa alikuwa anaamka alfajiri kwenda Buswelu, kule nyumba mpya zinakoota kila kukicha, kuomba kibarua cha kumwaga zege. Akiitwa, anarudi na kilo ya unga na fungu la dagaa. Asipoitwa, anarudi na vumbi la njiani. Watoto walikuwa wawili, Maulida wa miaka tisa na Ally wa miaka minne, na mwenye mwiko ni Mwaija. Kwetu mama ndiye anayepakua, na anayepakua hula mwisho. Mwisho ukifika hakuna kitu, atakula nini? Anakwangua ukoko, anakunywa maji.

Kufunga kwenyewe kulianza kwa aibu. Jirani yake Teodora, mama Paulo, alikuwa anakaanga mapanki kando ya barabara, ile mifupa ya sangara yenye vichwa inayobaki kiwandani minofu ikishakwenda Ulaya. Siku moja akamwita, "Mama Maulida, njoo ule kichwa hiki, kimevunjika, hakuna atakayekinunua." Mwaija alikuwa amekula kichwa kilichovunjika jana, na juzi. Vichwa haviwezi kuvunjika kila siku, hilo alilijua. Akasema, "Ahsante mama Paulo, leo nimefunga." Teodora akakirudisha kichwa kwenye sinia na kumwomba radhi. Loo! Mwaija alishangaa neno lile lilivyo na nguvu. Ukisema una njaa watu wanakuonea huruma na kukuuliza maswali. Ukisema umefunga wanakuheshimu na kunyamaza. Kuanzia siku ile hakuliachia.

Na kwa kuwa mke hafungi sunna bila ruhusa ya mumewe, kila Jumapili na kila Jumatano jioni alikuwa anamwambia, "Baba Maulida, naomba kesho nifunge." Lukman anajibu, "Funga." Anajibu upesi, ameinama anafungua kamba za viatu. Hakuuliza hata mara moja mkewe atakula nini daku.

Ikaenda hivyo mwaka mzima na zaidi. Kwanza ukamwacha usingizi. Ugali wa leo bado uko motoni, yeye anautetemekea wa kesho, na akilala kitandani ni hayo hayo. Halafu zikaja hasira. Maulida aliomba aongezwe tonge, akapigwa kofi ambalo hata mpigaji lilimuuma. Halafu hasira nazo zikamwacha, na hapo ndipo palipokuwa pabaya zaidi, maana hapakubaki kitu. Akaacha kumsuka Maulida. Akaacha kufagia. Anakaa kizingitini tangu asubuhi, ukimsalimia anachelewa kujibu, machozi yanamtoka na wala halii. Alijiona mzigo. Aliamini kabisa kwamba nyumba ile ingepumua kama yeye asingekuwapo.

Na njaa ikamwacha. Nisikilize hapo. Mtu aliyekuwa akisikia harufu ya mapanki ya Teodora tumbo linamkata, sasa anapitisha siku mbili bila kula na hasikii kitu. Wewe na mimi tungeogopa. Mwaija alimshukuru Mungu. Alisema moyoni, ahsante Mola wangu, umenipunguzia mmoja wa kulisha.

Sasa, Jumamosi moja Lukman yuko Buswelu, Maulida yuko madrasa, Mwaija amekaa kizingitini pake. Ally akampita magotini, akateremka ziwani peke yake. Mama yake alimwona. Alimwona akipita, alimwona akifika ufukweni, alimwona akiingia majini, na hakuna kitu ndani yake kilichomwambia inuka. Teodora alikuwa ameshuka kuosha masufuria yake. Alipogeuka maji yalikuwa yameshamfika mtoto kifuani. Akamchota, akapanda naye mlima mbio huku anamwagika maji na matusi.

"Wewe mama Maulida! Macho hayo Mungu kakupa ya nini? Mtoto anazama umekaa tu?"

"Nilimwona," Mwaija akasema.

"Ulimwona?"

"Nilimwona, mama Paulo. Nilishindwa kuinuka."

Teodora akamshusha mtoto chini. Alimvua Ally nguo mbichi, akamfunga kanga yake mwenyewe, akaketi pale kizingitini pembeni ya Mwaija mpaka Lukman aliporudi.

Mtaa nao ukatoa hukumu zake. Bi Malimi alisema ni jini, asomewe. Wengine wakasema kuna mtu kamwonea wivu kwa saumu zake, amemrusha akili. Teodora akawaambia, "Msomeeni jioni, sina ugomvi. Asubuhi nakwenda naye zahanati."

Na kweli wakaenda. Pale zahanati chumba cha mwisho mlango wake hauna kitasa, haufungiki, na benchi la wagonjwa limewekwa mlangoni hapo hapo. Siri yako ukiitoa ndani, nje wanaipokea. Nesi wa zamu alikuwa Odeta, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Alikuwa na karatasi yenye maswali. Unalala? Silali. Unalia? Machozi yanatoka. Umewahi kuwaza bora usingekuwapo? Mwaija akatazama sakafu muda mrefu, na Odeta akaandika jibu bila kumlazimisha alitamke. Teodora akamweleza habari ya ziwani.

"Hamu ya kula ikoje?" Odeta akauliza.

"Sina."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi. Miezi."

"Nyumbani chakula kipo?"

Hapo sasa. Mwaija akageukia mlangoni. Kwenye benchi alikuwa amekaa mwanamke mmoja wa darsa na mtoto mgongoni, ametega sikio. Mwaka mzima na zaidi wa heshima ulikuwa umekaa pale kwenye benchi unamsubiri aseme.

"Kipo," akasema. "Ila mimi huwa nafunga."

Hata Teodora aliitikia kwa kichwa, masikini, naye aliamini. Odeta akaandika kwenye kadi kwamba mgonjwa anafunga mno kwa ajili ya dini. Akamwambia apumzishe saumu, Mungu si katili wa kutaka waja wake wafe njaa. Akamwambia ugonjwa wake unaitwa sonona, si jini wala si uchawi, na leo hii peke yake ameshawaona wanne. Akampa vidonge. "Kimoja kila ukienda kulala. Vumilia wiki mbili tatu. Usingizi utarudi, moyo utachangamka, na hamu ya kula utaiona inarudi." Aliyasema kwa furaha, kwa kuwa kwake yeye zote zilikuwa habari njema.

Dawa ilifanya kazi, nisiseme uongo. Wiki ya kwanza kinywa kikavu na kizunguzungu. Wiki ya pili akalala mpaka kunakucha, kitu ambacho alikuwa ameshakisahau. Wiki ya tatu alimwita Maulida, akamkalisha katikati ya magoti, akamsuka nywele zote kichwani, na Ally alipomkimbiza kuku wa Teodora akaanguka naye, Mwaija akacheka. Alicheka mpaka Lukman akatoka ndani kutazama kuna nini. Bi Malimi akasema mnaona kisomo kilivyofanya kazi. Teodora akasema kisomo gani, vidonge. Wakabishana wiki nzima, kila mmoja anautaka ushindi, na mtaa ukafurahi.

Lakini na njaa ikarudi. Ilirudi na hasira ya aliyefukuzwa kwake. Anafumbua macho anawaza ugali. Akipita kwa Teodora miguu inagoma kusogea mpaka ajikaripie. Jioni akapakua, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu akanawa mikono na kukaa kwenye sinia pamoja nao. Ally akashangilia, "Mama anakula! Mama anakula!" Siku ya pili hakushangilia, alikuwa amekazana kulilamba sinia. Chakula ni kile kile cha watu watatu, hakuna aliyekiongeza. Nesi ameandika mtu apate hamu, unga haukuandikwa popote.

Alhamisi ikafika. Maulida akamtazama mama yake anatia tonge mdomoni, akauliza, "Mama, leo hukufunga?"

"Nesi amenikataza."

"Aa." Akatafuna kidogo. "Amekukataza mpaka lini?"

Msichana hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza tu kama anavyouliza shule inafunga lini. Alikuwa ameshajua, bila kufundishwa na mtu, kwamba mama akifunga yeye anashiba. Mwaija akalimeza tonge lake, maana njaa ilikuwa inauma kuliko aibu.

Jumatano iliyofuata Lukman alirudi hana kitu. Akakaa kwenye kigoda anafungua kamba za viatu, taratibu, kama anayesubiri. Mwaija hakuomba ruhusa. Kamba zikaisha. Lukman akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akavipanga vizuri, akavipangua.

"Kesho hufungi?" akauliza.

Mwaija alisimama na mwiko mkononi. Mwaka mzima na zaidi ameomba ruhusa, na mume amempa, naye alikuwa akijifariji kwamba angalau anamdanganya vizuri.

"Kumbe ulikuwa unajua," akasema.

"Najua nini?"

"Lukman." Hakumwita baba Maulida. "Ulikuwa unajua."

Mwanamume akatazama viganja vyake, saruji imevila mpaka vimetoa nyufa. "Mimi nikianguka na ndoo ya zege kichwani," akasema, "hata hiyo kilo moja italetwa na nani? Niambie. Nilikuwa nakuona. Ulitaka nifanye nini?" Akainuka akaenda nje.

Usimlaani haraka. Aliyebeba zege tangu asubuhi na kilichomo tumboni ni chai kavu, huyo mwache aseme yake. Lakini nami simsafishi. Kuna neno angeweza kulisema, hata kama halijazi sufuria, na hakulisema hata siku moja.

Kesho yake Mwaija akafunga. Alifunga kwa hasira, na kwa ajili ya lile swali la Maulida. Kulikuwa na kiporo cha ugali na dagaa kidogo, fungu lake ambalo jana usiku hakuligusa, akakiweka kwenye sufuria, akakifunika, cha Maulida akitoka shule. Asubuhi akaweza. Saa sita akaweza. Saa nane alipita jikoni kuchukua ndoo, na sijui niseme nini, aliinua mfuniko. Alikula amesimama, kwa mikono miwili, haraka haraka, hata hakunawa. Alipokuja kujitambua anakwangua chini ya sufuria kwa kucha. Akaifunika. Akaenda kukaa.

Maulida akaingia na daftari zake, akasalimia, "Shikamoo mama," akaenda moja kwa moja jikoni. Mfuniko ukalia.

"Paka," Mwaija akasema kutoka nje. "Kaingia paka."

Paka wa wapi huyo, anayekula akarudishia mfuniko? Mtoto wa darasa la tatu analijua hilo. Lakini Maulida ana adabu. "Paka mbaya," akasema. Akachota maji akanywa, akachota tena akanywa, akakaa mkekani akafungua daftari la hesabu.

Siku ya kurudi zahanati ilipofika Mwaija alikwenda na Ally tu. Odeta alimpandisha kwenye mizani, akapiga makofi: kilo mbili zimeongezeka. Akamsifu kwa uso ulivyokunjuka. Akachukua ile karatasi yake. Unalala? Nalala. Unalia? Siku hizi hapana. Yale mawazo? Yamekwisha.

"Na hamu ya kula?"

"Imerudi," Mwaija akasema. "Naomba uniondolee."

"Nikuondolee nini?"

"Hamu ya kula, sista. Kama kuna dawa ya kuleta usingizi tu, ya kuondoa huzuni tu, isiyoleta njaa, nipe hiyo. Hii siiwezi."

Odeta alicheka, akidhani ni utani. Kisha akaacha kucheka. "Si ulisema chakula kipo?"

Mwaija akatazama mlango ule usiofungika, na benchi, na nyuso zilizopangana juu ya benchi. Akasema kwa sauti ya kawaida, wala hakuipunguza, "Nilisema uongo. Nilikuwa sifungi kwa dini. Nilikuwa nafunga kwa kuwa chakula hakitoshi."

Kwenye benchi watu wakaanza kuzisoma kadi zao, na waliokuwa hawajui kusoma nao wakazisoma.

"Mficha maradhi, mama, kifo humuumbua," Odeta akasema polepole.

"Maradhi sikuyaficha, sista, nilikueleza yote. Nilificha njaa."

Odeta akavua miwani. Akamvuta Ally karibu, akatoa ule utepe wao wa kupimia watoto, akauzungusha kwenye mkono wake mwembamba. Ukaonyesha njano, kati ya kijani cha mzima na nyekundu ya aliyekonda mno. "Kuna pakiti za karanga zilizosagwa, za kuwanenepesha watoto," akasema, "lakini zinatolewa kwa mtoto wa nyekundu. Wa njano tunamwandika tu."

"Akifika nyekundu?"

"Akifika nyekundu mlete, nitampa."

"Yaani nikamkondeshe kwanza."

Odeta hakukasirika. Pengine alikuwa ameshaambiwa hivyo na wengine. "Sipangi mimi," akasema. "Mimi nina kabati la dawa. La unga sijapewa." Akahesabu vidonge, akavitia kwenye bahasha. "Lakini hivi usiviache. Ukiviacha utarudi kule kule ulikotoka."

"Kule nilikuwa sili. Watoto wangu walikuwa wanashiba."

"Siku huyu alipoingia ziwani, alikuwa ameshiba?"

Mwaija akaikumbuka asubuhi ile yote. Kulikuwa na uji, na Ally alikunywa kikombe chake, akanywa na cha mama yake, akajifuta mdomo kwa mkono, akateuka, ndipo akampita magotini akateremka.

"Alikuwa ameshiba," akasema.

Habari zilimtangulia nyumbani, kama kawaida ya Pasiansi. Teodora alimsimamisha barabarani, kichujio cha mafuta mkononi. "Ungeniambia mimi," akasema, na macho yamemjaa. "Mimi ni nani kwako?"

"Ningekwambia, ungefanya nini, mama Paulo? Ungenivunjia vichwa mpaka lini? Nawe una watoto."

Teodora akarudi kwenye karai lake, maana hesabu ya mapanki yake aliijua mwenyewe. Na Bi Malimi je? Bi Malimi alisema astaghafirullah, kumbe siku zote alikuwa anatuongopea, na kwa jambo la ibada! Wanawake wa darsa walikasirika kweli. Walijiona wameibiwa mchamungu wao. Mpaka magharibi hakuna hata mmoja aliyepita na kibaba cha unga, lakini waliopita kutazama walikuwa wengi.

Siku ile Lukman alikuwa amepata kibarua. Kilo moja ya unga, dagaa, nyanya mbili. Mwaija akasonga ugali, akaupakua kwenye sinia, na wote wakanawa wakakaa. Lukman alikuwa ameshasikia ya zahanati njiani, uso ameuinamisha. Akanyoosha mkono kumega.

"Ngoja," Mwaija akasema.

Akachukua mwiko, akaukata ugali katikati. Akaugeuza mwiko, akaukata tena. Vipande vinne, sawasawa. Dagaa nao akawatenga, mafungu manne. Watu wa nyumba moja hawafanyi hivyo. Ugali ni mmoja, mikono inakutana katikati, na anayekula kidogo anakula kidogo kimya kimya. Watoto walikuwa hawajawahi kuona kitu cha namna ile, wakatazama sinia, wakamtazama baba yao.

"Unafanya nini?" Lukman akauliza.

"Nagawa."

"Ugali unaukata kama viwanja vya Buswelu?"

"Kila mtu ajue pake. Fungu hili lako, hili la Maulida, hili la Ally, hili langu."

"Watoto hawatashiba, Mwaija."

"Hawatashiba. Nawe wa zege hutashiba, nami sitashiba." Akauweka mwiko chini. "Mwaka mzima mmeshiba kwa fungu langu, na mtoto nusura azame naye ameshiba. Kama ni njaa, baba Maulida, tugawane nayo."

Lukman akamega kwenye robo yake. Wakala. Yanasikika meno tu. Ally, kama walivyo watoto, alimaliza wa kwanza, akalamba vidole, akapeleka mkono pale alipozoea kuupeleka, kwenye upande wa mama.

Mwaija akaushika ule mkono. Vidole vyake vilizunguka pale pale utepe wa Odeta ulipozunguka, na vikakutana. Akaurudisha mkono juu ya goti la mtoto.

"Hili la mama," akasema.

Ally hakuelewa. Akaupeleka tena, akarudishwa tena. Midomo ikaanza kumcheza, kisha akaangua kilio, kilio cha mtoto aliyeonewa. Maulida akaacha kutafuna. Akamtazama mdogo wake, akakitazama kipande chake kilichobaki, akakisukuma kwa kidole taratibu kuelekea kwa Ally, na uso wake ukatulia utulivu ambao Mwaija aliujua vizuri.

"Rudisha!" Mwaija akasema, kwa ukali uliomshtua hata Lukman. "Hicho chako. Kula."

"Mama, mimi nimesh—"

"Hujashiba. Kula."

Maulida akakirudisha, akala, machozi yanamdondokea kwenye dagaa. Mwaija naye akala la kwake, tonge kwa tonge, mpaka la mwisho, Ally analia ubavuni pake anamvuta kanga, na hakumpa.